Ukimya wa Baraza si Nidhamu

Kila mwaka, bajeti inapokaribia, taasisi nyingi za umma nchini Tanzania huitisha mabaraza ya wafanyakazi. Kabrasha hugawiwa asubuhi ileile ya kikao. Mkuu wa taasisi hufungua, huongoza na hufunga. Wajumbe huuliza mawili matatu kuhusu sare na posho za likizo, bajeti hupita, picha ya pamoja hupigwa. Mkuu huondoka akiamini kwamba anaongoza watu walioridhika.

Mabaraza haya hayakuanzishwa yawe mapambo. Yaliundwa kwa Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha kuzikabidhi njia kuu za uchumi kwa umma. Swali lililofuata lilikuwa zito: ikiwa kiwanda ni cha umma, kwa nini meneja amfokee mfanyakazi kama alivyofanya bwana mkubwa wa kikoloni? Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliishika ibara hiyo kwelikweli. Mameneja walifungiwa nje ya ofisi zao, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda chenyewe.

Wapo wanaoisoma historia hiyo kama onyo dhidi ya utovu wa nidhamu. Mimi naisoma vingine. Katika migogoro ile, mbali na suala la mshahara, lilijirudia lalamiko la kudharauliwa kazini. Mabaraza yangekuwa na meno, manung'uniko yale yangesikika mezani kabla ya kufika getini.

Leo getini hakuna mtu. Mtumishi aliyeonewa hamfungii bosi mlango. Huomba uhamisho, au hufika saa moja na nusu, akasaini, akafanya lile tu lisiloepukika. Mhasibu anayeona malipo yasiyo na hati hujiuliza kwanza yule aliyehoji mwaka jana yuko wilaya gani sasa. Hapo dharau hugeuka hasara ya fedha, na mkaguzi huja "kugundua" jambo ambalo nusu ya ofisi ililijua zamani. (Wapo pia wazembe wanaojikinga kwa neno uonevu. Nao hustawi zaidi pasipo na mazungumzo, maana hakuna anayewahoji isipokuwa bosi asiyewajua.)

Hatuhitaji sheria mpya kwa hili; mabaraza katika utumishi wa umma yana sheria yake tangu 2003. Mkuu wa taasisi anaweza kuanza na kikao kijacho. Kabrasha litoke wiki mbili kabla, ili wajumbe wakutane na waliowachagua. Ajenda ya kwanza iwe hoja za kikao kilichopita, kila moja na jibu lake la maandishi, hata kama jibu ni hapana na sababu zake. Hoja inapomgusa mkuu mwenyewe, aseme machache na asikilize mengi. Na kwa mwaka mzima baada ya kikao, uhamisho wa mjumbe yeyote aliyeuliza swali gumu usipite bila sababu zake kuelezwa mbele ya baraza hilohilo.