Mlipeni Dada wa Watu Hela Yake

Leo tuache kidogo habari za nani kaachana na nani. Kuna ishu imetokea kijiweni kwetu na imenikaa rohoni. Kwa kuwa na mimi nimo kwenye kosa, bora niiseme hapa kuliko kuisemea pembeni. Majina yote kapuni kama kawaida yetu. Wahusika wanajijua.

Kijiwe chenyewe ni saluni ya kunyoa hapa hapa Dar. Tuko watu nane, tunacheza Fantasy Premier League, wenyewe tunaita fantasi. Kwa asiyejua: unaunda timu yako kwenye simu kwa wachezaji wa kweli wa Ligi Kuu ya Uingereza, wakifunga uwanjani na wewe unapata pointi. Msimu ulioisha tulicheza ligi mbili. Ya kwanza ni ile ya kawaida, ya kutafuta heshima tu. Ya pili ni drafti, na siyo ile ya vifuniko vya soda, msije mkachanganya. Huko kila mtu aliweka elfu thelathini. Mara nane, laki mbili na arobaini. Hela akashika kinyozi.

Msimu umeisha, drafti kashinda dada anayeuza juisi mlango wa pili kutoka saluni. Ndiye mwanamke pekee kati yetu. Badala ya kumpa hongera na kumkabidhi chake, yakaanza maneno. Mwenye maneno mengi ni mtangazaji mmoja wa redio, ukisikia sauti yake tu unamjua, ananyoa hapo na alimaliza wa pili. Hoja yake ilikuwa hii: huyu dada kwenye ligi ya kawaida kawa wa sita kati ya nane, sasa mtu wa sita kule anakuwaje wa kwanza huku? Eti lazima kuna mtu anamchezea. Akapendekeza hela irudishwe, kila mtu achukue elfu thelathini yake, yaishe.

Tukapiga kura kwenye grupu la WhatsApp. Watano wakasema irudishwe, watatu wakasema dada alipwe. Mimi nilikuwa kati ya wale watano.

Dada hakubishana. Aliandika maneno mawili tu: "Someni sheria." Basi.

Nikwambie ukweli, yale maneno mawili yalininyima usingizi. Mimi hesabu form four nilipata F, lakini usiku ule nilikaa na kalamu na daftari kama mtu anayesubiri mtihani. Nilichogundua ni kwamba sisi wajuaji wa kijiwe tulikuwa tunacheza michezo miwili tofauti huku tukidhani ni mmoja, kwa sababu tu majina ya wachezaji ni yaleyale. Ukiuliza "mchezaji fulani ana thamani gani" bila kusema ligi ipi, hujauliza kitu.

Tuanze na ligi ya kawaida. Unapewa pauni milioni 100 za kwenye simu, unasajili watu 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Watu wote nane mnaweza kuwa na mchezaji huyohuyo. Kinachokubana ni hela. Kwa hiyo unajiuliza kila milioni niliyotoa inanirudishia pointi ngapi.

Chukua yule Mmisri wa Liverpool. Msimu wa 2024/25 alianza na bei ya milioni 12.5, akamaliza na pointi 344, rekodi ya mchezo. Sasa rudi nyuma msimu mmoja, 2023/24, umwangalie yule dogo aliyehamia Chelsea kutoka Manchester City. Yeye alianza na milioni 5 tu, akamaliza na pointi 244, akawa juu ya wachezaji wote msimu ule. Gawanya mwenyewe. Mmisri anakupa pointi 27 na ushee kwa kila milioni. Dogo anakupa karibu 49. Na ile milioni 7.5 unayobaki nayo mkononi unaongezea kwa mtu mwingine. Kwenye ligi ya kawaida, aliyemuwahi yule dogo mapema alikuwa kama kaokota hela barabarani.

Njoo kwenye drafti sasa. Huku hakuna hela. Mnachagua kwa zamu, raundi inayofuata zamu inageuka, aliyekuwa wa mwisho anaanza. Mchezaji akishachukuliwa na mtu kwenye ligi yenu, huyo keshaondoka. Kwa hiyo bei ya milioni 5 haikusaidii chochote, ni pambo tu. Misimu yao miwili ukiiweka mezani pamoja kwenye drafti, Mmisri anamzidi dogo kwa pointi mia nzima, na hakuna milioni ya kubaki nayo.

Drafti inauliza swali lingine: nisipomchukua huyu sasa, nitabaki na nani? Hapa ndipo dada alipotuzidi akili wote.

Hesabu naye. Watu nane, kila mmoja washambuliaji 3, jumla 24. Ligi Kuu ina timu 20, na nyingi zinaanza mechi na mshambuliaji mmoja pale mbele. Maana yake washambuliaji wenye uhakika wa namba hawatutoshi. Lazima kuna watu wataishia na mtu wa benchi. Makipa je? Watu nane mara 2 ni 16, na timu ziko 20, kila moja na kipa wake namba moja. Hata kila mtu akijaza nafasi zake, wanabaki makipa wanne wa kwanza hawana mwenyewe. Sasa kwa nini ukimbilie kipa?

Siku ya kuchagua, mtangazaji wetu alimchukua kipa maarufu raundi ya tatu. Tukapiga makofi. Dada raundi ya pili mshambuliaji, raundi ya tatu mshambuliaji tena, na huyu wa pili anatoka timu ambayo kila mtu aliona itapigania kutoshuka daraja. Tulicheka mpaka kinyozi akazima mashine. Makipa wake wote wawili aliwachukua raundi mbili za mwisho kabisa.

Kufika Krismasi kicheko kiliisha. Mimi na mtangazaji tulikuwa tunachakura mabaki tukitafuta mshambuliaji, tunakuta watu wa kuingia dakika ya 80. Mchezaji asiyefika dakika 60 anakupa pointi 1 tu ya kucheza, akifika ni 2. Yule wa dada, wa timu ya kupigania kushuka, alikuwa anaanza kila wiki na penalti ndiye anapiga.

Nilipomfuata kumuuliza alijifunzia wapi, alinijibu huku anakamua ndimu. "Kaka, embe likiwa msimu wake halinipi faida hata liwe tamu vipi, kila mtu analo. Mimi naangalia kitakachokosekana sokoni kesho." Yaani mtu kaitoa kwenye biashara yake ya kila siku. Sisi tukaita bahati.

Sasa lile swali la mtangazaji: kwa nini kwenye ligi ya kawaida alikuwa wa sita? Jibu liko kwenye sheria hizohizo. Ligi ya kawaida ina nahodha, na pointi za nahodha zinahesabiwa mara mbili. Kuna wiki nahodha peke yake anakupandisha au anakuzamisha. Dada huko alikuwa anakosea nahodha mara kwa mara, mwenyewe anakiri. Wenzake wanampa kitambaa yule Mnorwe mrefu wa City, yeye anampa mwingine, Mnorwe anafunga. Drafti haina nahodha kabisa. Udhaifu wake huku hauna pa kumuumiza. Na mtangazaji, aliyekuwa wa kwanza ligi ya kawaida, ustadi wake wa kuchagua nahodha huku haukumsaidia. Siyo kwamba hajui mpira, anaujua sana. Alikuja na orodha yake ileile kwenye ligi isiyo yake.

Na siyo ligi hizo mbili tu. Kazini kwa shemeji yangu wanacheza ya ana kwa ana, kila wiki unapangiwa mpinzani mmoja, ukimfunga unapata 3, sare 1. Huko ukimzidi mwenzako kwa pointi 1 au kwa 40 ni mamoja. Yule mchezaji anayelala wiki tatu halafu analipuka wiki moja, kwenye ligi ya kujumlisha pointi anakufaa. Kwenye ana kwa ana wiki zake tatu za usingizi zinaweza kukugharimu mechi tatu, na ule mlipuko ukakupa ushindi mmoja tu. Mchezaji ni huyohuyo, thamani siyo hiyohiyo.

Najua kuna watakaosema, je kama kweli kuna mtu anamshauri? Jamani, sheria gani inakataza kushauriwa? Mtangazaji mwenyewe kila Ijumaa anawauliza wafuasi wake ampange nani. Mbona yeye hatujamwita mwizi? Tuseme ukweli tu. Angeshinda mmoja wetu sisi wanaume, tungesema jamaa ni fundi, tungemwomba atufundishe. Kwa kuwa kashinda dada wa juisi, tukatafuta mwanaume aliyejificha nyuma yake. Mimi nilikuwa mmoja wa waliotafuta, na naona aibu.

Hiyo laki mbili na arobaini dada alishaipangia. Blenda yake imeungua, anasagia juisi kwa kuazima ya jirani. Sisi tunaotaka kumnyima tunainywa hiyo juisi kila siku, na wengine tunakopa.

Jana usiku nimebadilisha kura yangu. Sasa ni nne kwa nne. Kinyozi wetu, najua unasoma hapa, na wewe ulikuwa upande wetu, na wewe ndiye umeshika hela. Kaka mtangazaji, na wewe nakuheshimu, ila umefungwa kihalali. Mlipeni dada wa watu hela yake, kisha msimu ujao tumwombe atufundishe.

Wadau mnaonaje, nimekosea? Na nyie kwenye vijiwe vyenu mnacheza ligi ipi? Tupieni maoni hapo chini, matusi hapana.