Musuguri hakuanzia Kagera

Asante mwandishi kwa kumkumbuka Jenerali David Musuguri, ila umemwanzishia kwenye Vita vya Kagera kana kwamba kabla ya hapo alikuwa raia. Mzee yule aliingia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1942 akapelekwa hadi Madagaska, kwa hiyo alipokabidhiwa Divisheni ya 20 ya jeshi letu la Tanzania katika vita hivyo mwaka 1979 alishakula chumvi nyingi jeshini. Marehemu baba yangu alikuwa sajenti chini yake. Na wewe ndugu uliyeandika kwenye maoni hapo juu eti wanajeshi wa zamani hawakujua kulea, labda kwenu. Sisi kambini kila Jumapili jioni baba alitupanga mstari barazani, anakagua kucha, halafu anachukua viatu vyetu vya shule anavipiga kiwi mwenyewe, anatema mate kidogo na kusugua kwa kipande cha fulana kuukuu. Mama akimwambia awaachie watoto wajifunze, hajibu. Mapigano ya Lukaya, kule Uganda katika vita hivyo vya Kagera, hakutusimulia hata siku moja, tuliyasikia kwa wenzake waliokuja msibani, tena wakipokezana na kubishana! Mwandishi, wazee kama hao bado wapo, wafuate na kinasa sauti mapema.