Kabla ya kununua bastola ndogo, tuzungumze kuhusu usingizi wako

Mwezi uliopita aliingia chumbani kwangu mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mfanyabiashara, amevaa vizuri, ameshika bahasha ya kaki. Hakuwa anaumwa, alisema. Alitaka barua tu. Barua ya daktari inayothibitisha kwamba ana akili timamu, aiambatanishe na maombi yake ya kumiliki silaha.

"Dokta, ni kugonga muhuri tu, sitakuchukulia muda."

Nikampima presha kwanza, kwa mazoea. Ilikuwa 158 kwa 102. Nikamuuliza analala vipi. Akacheka kidogo, akaangalia chini. Tangu wezi walipomvamia getini miezi minane iliyopita, hajawahi kulala usiku mzima. Saa nane anaamka, anasimama dirishani hadi adhana ya alfajiri. Mbwa wa jirani akibweka, moyo unamwenda mbio. Mtoto wake wa mwisho, wa miaka mitano, alimwangushia sufuria jikoni, akamfokea mpaka mtoto akajikojolea.

Sikuandika ile barua siku ile. Alikasirika, na nilimwelewa. Nimeomba ruhusa yake kulieleza jambo hili hapa, nimebadilisha mambo machache asitambulike, kwa sababu naamini hayuko peke yake. Wapo wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wakiwa na fomu kama yake kwenye droo.

Niseme mapema: hofu yake si ya kufikirika. Anayefunga duka saa tatu usiku na mauzo ya siku mfukoni anajua anachokiogopa. Na sheria yetu ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 haimkatazi raia mwema kumiliki silaha. Inamtaka apite kwenye mlolongo: serikali ya mtaa, kamati za ulinzi na usalama, polisi. Kila hatua ina maswali yake, na yeye alikuwa amechoka nayo yote. Kilichomchosha zaidi ni kwamba hata akipata kibali, bastola anayoitaka haipatikani. Anataka ile ndogo, fupi, inayokaa kiunoni bila kuonekana chini ya shati. Maduka yenye leseni ya kuuza silaha ni machache, na kila akiuliza anaambiwa asubiri mzigo. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mtu amemwahidi kumpatia moja ndani ya wiki, bila karatasi.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini.

Msomaji, kuhusu silaha ya mkono kwa mkono sina cha kujadiliana nawe. Hujui imetoka wapi wala imemuumiza nani, na ikikutwa nyumbani kwako watoto watakuwa wakikutembelea gerezani. Lakini hata kwa anayefuata sheria nina neno, nalo ni la kitabibu.

Tuanze na udogo wenyewe. Wengi wanaipenda bastola ndogo kwa kudhani kitu kidogo kina hatari ndogo. Risasi yake haijali ukubwa wa chuma kilichoitoa. Mtutu ukiwa mfupi, kulenga ni kugumu zaidi, na silaha nyepesi huruka mkononi kwa nguvu zaidi inapofyatuliwa. Halafu kinachoingia kiunoni kwa urahisi kinaingia pia chini ya mto, kwenye mkoba, kwenye sehemu ya gari ya kuwekea miwani. Yaani kila mahali ambapo mtoto hupekua akitafuta peremende au simu yako.

Desemba 2014, katika mji wa Hayden, jimbo la Idaho nchini Marekani, mama mmoja alikwenda dukani na watoto. Bastola yake ndogo ilikuwa kwenye mkoba wenye mfuko maalumu wa silaha, uliofungwa kwa zipu. Alikuwa na kibali halali. Mtoto wake wa miaka miwili akafungua zipu, akaishika, ikafyatuka. Mama alikufa palepale. Miaka miwili! Huyo ni mtoto ambaye kwetu bado anabebwa mgongoni.

Wazazi huniambia, "Wangu nimemfundisha, hawezi kugusa." Ningependa iwe hivyo. Mwaka 2001 watafiti wa Atlanta walichapisha jaribio walilofanya na wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12. Waliwaacha wawili wawili au watatu watatu kwenye chumba chenye bastola halisi isiyo na risasi, imefichwa kwenye droo. Wavulana 48 waliiona, 30 wakaishika, na 16 walivuta kifyatulio. Karibu nusu ya walioiona hawakujua kama ni ya kweli au ni ya kuchezea. Linalonikosesha raha ni hili: zaidi ya tisa kati ya kila kumi walioishika au kuifyatua walisema walishapewa mafunzo ya usalama wa silaha. Mtoto anakusikia vizuri sana, kisha anafanya utoto wake. Na nguvu ya vidole haitamzuia. Watoto wengi wa miaka 5 na 6 wanaweza kuvuta kifyatulio cha bastola nyingi wakitumia vidole viwili.

Lakini nikiwa mkweli, kwa yule baba hofu yangu kubwa haikuwa mtoto wake. Ilikuwa yeye.

Mtu asiyelala miezi minane, anayeshtuka kwa kila sauti, anayefokea watoto kisha anajilaumu, ni mgonjwa. Hana wazimu, ana kiwewe, na huenda sonona imeanza kuingia. Mgonjwa wa namna hii huwa na usiku fulani ambao mawazo ya kujiua yanapita. Yanapita kweli: watafiti wa Austria walipowahoji watu walionusurika baada ya kujaribu kujiua, karibu nusu walisema kati ya wazo kuja na kitendo zilipita dakika kumi au pungufu. Dakika hizo zikipita bila silaha karibu, wengi huishi, na wengi wa wanaoishi hawarudii. Silaha ya moto haimpi mtu nafasi ya kubadili mawazo.

California waliwafuatilia watu wapatao milioni 26 kwa miaka kumi na miwili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Wanaume waliomiliki bastola walikufa kwa kujipiga risasi mara nane zaidi ya wanaume wasiomiliki. Kwa wanawake ilikuwa mara 35. Israel nako, jeshi lilipoamua mwaka 2006 kwamba askari vijana waache bunduki kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa wiki, vifo vya kujiua vilipungua kwa takriban asilimia 40. Bunduki walikuwa nazo bado, ila siku mbili za wiki hazikuwa kitandani mwao.

Ndiyo maana silalamiki pamoja na wanaolalamikia mlolongo mrefu. Urasimu unaudhi, na pale mtu anapozungushwa ili atoe chochote, ni uovu. Ila kusubiri kwenyewe, kwa mtu aliyevamiwa juzi, ni sehemu ya tiba. Kinachonisumbua ni hatua ile moja inayotuhusu sisi madaktari, ambayo tumeigeuza muhuri wa dakika mbili. Wenzangu, tumuulize mwombaji analala vipi, anakunywa kiasi gani, nyumbani wanaelewanaje. Tumuulize tena leseni inapohuishwa, kwa sababu aliyekuwa mzima mwaka jana anaweza kuwa amefiwa, amefilisika au ameanza kunywa asubuhi. Na mke aulizwe pembeni, peke yake. Wanawake wanajua mambo ambayo fomu haiyajui.

Kwa mzazi ambaye tayari anayo: silaha ikae kwenye kasiki ndogo ya chuma iliyofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, bila risasi ndani, na risasi zikae mahali pengine penye kufuli lake. Kumbuka kwamba kutoa magazini hakutoshi, risasi moja inaweza kubaki kwenye chemba, na hiyo ndiyo inayoua wanaodhani silaha ni tupu. Juu ya kabati si mahali. Watoto wanajua kupanda viti. Na akitokea mtu wa nyumbani, hata kama ni wewe, aliyezama kwenye huzuni au anayezungumza kana kwamba anaaga, silaha itoke nyumbani siku hiyohiyo. Nenda kituo cha polisi, uliza utaratibu wa kuihifadhi huko kwa muda. Si aibu.

Yule baba alirudi baada ya wiki sita. Tulikuwa tumempeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili wa hospitali ya rufaa, anatumia dawa, presha imeshuka, na sasa analala saa tano au sita. Ameweka taa mbili getini, ameacha kubeba fedha taslimu usiku, anazipitisha kwa wakala mchana. Bahasha ya kaki alikuwa nayo bado. Alisema hajaamua. Safari hii alikuja na mkewe, ambaye alikuwa kimya muda wote hadi tulipofika kwenye habari za kasiki, akauliza ufunguo utakaa kwa nani.

Tukazungumza kuhusu ufunguo kwa nusu saa nzima. Barua bado sijaiandika.