HOSTELI ALIPATA MARAFIKI SITA, MSIKITINI HAKUPATA HATA MMOJA



Ndugu zangu, leo nina jambo la kujisema mwenyewe kabla sijawasema nyinyi.

Wiki chache zilizopita alikuja kijana kuswali katika msikiti ninaoswalisha hapa Mji Mkongwe. Kijana wa miaka ishirini na kitu, kanzu mpya bado ina mikunjo ya dukani, begi mgongoni. Alianza kuonekana Jumatano, Maghrib. Siku nne akaswali nasi, safu ya pili, karibu na nguzo. Nilimuona. Nikasema moyoni, "Huyu mtalii," nikaendelea na adhkari zangu. Na Ijumaa ile ile nilipanda mimbari nikakhutubia haki za jirani!

Siku ya tano, baada ya Alfajiri, akanifuata kuniaga. Alikuwa anawahi boti ya asubuhi kwenda Dar es Salaam. Kazaliwa Uingereza, wazazi wake asili yao Bangladesh, anasafiri peke yake. Kwa Kiingereza changu cha skuli nikamuuliza, "Mwanangu, Zanzibar umeionaje?" Akanambia nzuri sana. Kisha akanyamaza kidogo, akasema:

"Sheikh, hosteli niliyofikia nilipata marafiki sita usiku wa kwanza. Hapa nimeswali siku nne. Watu wameniitikia salamu, lakini aliyeniuliza jina langu ni mmoja tu, naye alinisubiri mlangoni aniuzie safari ya mashamba ya viungo."

Akanihadithia kuwa wiki ya kwanza, alipokuwa Paje, tumbo lilimshika usiku. Aliyemletea maji na kwenda kumtafutia dawa ni Mbrazili aliyelala kitanda cha juu yake, mtu ambaye hana dini yoyote.

Nilikosa la kumjibu. Nikamuomba radhi, nikamuombea dua, akaenda zake.

Kwa wasiozijua, hosteli hizi ni nyumba za wageni za bei nafuu. Chumba kimoja vitanda vinane au kumi, dabo deka, jiko na sebule ni vya wote. Ziko hapa mjini, ziko Paje, Jambiani na Nungwi. Wengi wanaolala humo ni vijana waliokuja peke yao, hawajuani. Lakini mmoja akipika wali humwita mwenzake. Mmoja akienda Forodhani jioni huuliza nani anataka kufuatana naye. Siku tatu wanakuwa kama ndugu, ya nne wanaagana, na wengine hawaonani tena maisha yao yote.

Najua watakuwepo watakaosema, "Maalim, leo unatusifia hosteli?" Sizisifii. Nyingi zina pombe, na ziko ambazo wanaume na wanawake hulala chumba kimoja. Haramu ni haramu, haibadiliki kwa sababu watu ni wachangamfu. Na kijana wetu anayetafuta riziki huko namuusia amche Allah, achunge swala yake na macho yake.

Ninalosema ni hili: lile jema linalofanyika mle ndani ni letu, na sisi tumeliacha.

Mtume wetu (s.a.w.) aliulizwa lipi lililo bora katika Uislamu. Akataja mambo mawili: kulisha chakula, na kumsalimia unayemjua na usiyemjua. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Sasa nambie, ndugu yangu, mawili haya yanafanyika wapi leo? Kwenye jiko la hosteli, au kwenye ukumbi wa msikiti wako?

Na msafiri katika dini yetu ana jina lake. Ni ibn sabil, mwana wa njia. Katika Suratut Tawba, aya ya 60, Allah amemuweka miongoni mwa wanaostahiki zaka. Hata akiwa tajiri kwao, akikatikiwa njiani ana haki. Mtu ambaye Mola wako kamuwekea fungu, wewe unamnyima hata kumuuliza jina?

Upweke wa safari si jambo dogo. Ibn Battuta alitoka kwao Tanja mwaka 1325, kijana wa miaka ishirini na moja, hana mwenza. Alipofika Tunis, watu walitoka kuwapokea wageni wao na kusalimiana, yeye hakuna aliyemsalimia kwa sababu hakuna aliyemjua. Akalia. Mmoja katika mahujaji akaiona hali yake, akamwendea, akamsalimia na kumliwaza. Msafiri aliyekuja kuwa maarufu duniani, mwanzo wa safari yake alilizwa na salamu iliyokosekana, na salamu ya mtu mmoja ikamsimamisha tena.

Mwaka 1331 akashuka mwambao wetu: Mogadishu, Mombasa, Kilwa. Anasimulia kuwa Mogadishu chombo kikifika, vijana walikuwa wakikiendea kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Humpa mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Naam, biashara ilikuwemo, kwani mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni wake bidhaa. Lakini chakula kilitangulia.

Leo nenda bandarini Malindi boti inapoteremsha. Vijana wetu bado wanawakimbilia wageni. Ila ile sahani haipo tena, imebaki mikono mitupu inayotaka kupewa. Siwalaumu peke yao mapapasi, riziki ni ngumu. Najilaumu mimi, niliyekuwa sina cha kumuuzia kijana yule na bado sikumsogelea. Tumezoea kumuona mgeni ni mteja, na ikiwa si mteja wetu basi hatumuoni kabisa.

Mtu ataniuliza, "Na yule asiyekuwa Muislamu?" Nabii Ibrahim (a.s.) alifikiwa na wageni asiowajua. Hakuwauliza dini. Aliwaendea watu wake kimya kimya, akarudi na ndama aliyenona. Hujui leo aliyesimama kwenye barza yako ni nani, wala Allah kamleta kwa sababu gani.

Na yule msichana anayesafiri peke yake? Hukumu ya mwanamke kusafiri bila mahram wanavyuoni wameizungumza, na binti wa Kiislamu aulize kwa wanaojua. Lakini hukumu yako wewe mwanamme haina mjadala: inamisha macho, usimfuate, usimsumbue. Akipotea njia kwenye vichochoro vyetu, muelekeze na urudi zako. Mama zetu na dada zetu ndio wa kumkaribisha.

Nanyi vijana mnaofanya urafiki na wageni, fanyeni kwa ikhlasi. Urafiki wa siku tatu ni neema kama haukuficha tamaa ya viza au fedha. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alimuuliza mtu aliyedai kumjua mwenzake: umewahi kuwa jirani yake, kufanya naye biashara, au kusafiri naye? Basi usiseme unamjua mtu kwa chai mbili na picha ya simu. Mfanyie wema, muage kwa wema, usimdai kitu.

Msikitini kwetu tumekubaliana mambo matatu, na mimi nimekuwa wa kwanza kujifunga nayo. Akionekana uso mgeni, aliye karibu naye atamuuliza jina na anakotoka kabla hajainuka kwenye safu. Kila siku mmoja wetu atakuwa tayari kumchukua mgeni kwake, hata kwa chai na mkate tu. Na mlangoni pa msikiti hapauzwi kitu.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa dua ya msafiri ni katika dua zisizorudishwa. Kijana yule aliondoka na dua yake. Kila nikikumbuka najiuliza: alipokuwa ndani ya boti, akiuangalia mji wetu unavyobaki nyuma, alituombea nini? Je, tulimpa sababu ya kutukumbuka?

Ya Allah, tusamehe kwa kila mgeni uliyemleta mlangoni kwetu nasi tukampita. Wahifadhi wasafiri, na watoto wetu walioko ugenini wapatie wa kuwauliza majina yao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ukiona lina kheri, mfikishie na mwenzako.