Bethdei Si Mali ya Wazungu

Kitai ni njia panda. Barabara ya lami inayotoka Songea kwenda Mbinga inakutana hapo na ile inayopita Ruanda ya Mbinga na kuteremka hadi Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka huingilia lami hapo hapo. Nje ya mkoa wa Ruvuma wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya gereza la kilimo. Lakini ukanda huu wote, kuanzia Peramiho mpaka Liuli na Mbamba Bay, umepokea walimu wa kigeni kwa zaidi ya miaka mia moja: watawa wa Kibenedikti, wamisionari wa Kianglikana waliokaa ziwani, na siku hizi vijana wa kujitolea wanaotoka Ulaya na Marekani kufundisha kwa mwaka mmoja au miwili. Siku ya kuzaliwa ya mwalimu kama huyo ikimkuta huku, kauli ya ofisi ya walimu inajulikana: mwacheni asherehekee, hayo ni mambo yao Wazungu, sisi huku hatuna bethdei.

Kauli hiyo husemwa kwa nia njema. Hata hivyo si ya kweli, na inawaumiza watu wawili kwa mpigo: mgeni anayeachwa peke yake na siku yake, na mtoto wa Kitai anayekua akiamini kwamba siku aliyoingia duniani haina uzito.

Swali la kwanza ni hili: Wazungu gani? Wabenedikti walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 walitokea Mtakatifu Otilia, abasia iliyoko Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Katika Bavaria ya Kikatoliki ya wakati ule siku kubwa ya mtu haikuwa siku ya kuzaliwa. Ilikuwa sikukuu ya mtakatifu ambaye mtu alibeba jina lake. Kusherehekea tarehe ya kuzaliwa kulionekana kuwa desturi ya Waprotestanti. Ndiyo maana Wakatoliki wa Umatengo na Ungoni wanaijua vizuri sikukuu ya somo: Yosefu anapongezwa tarehe 19 Machi, Ana anapongezwa tarehe 26 Julai, na katika nyumba za masista siku ya somo bado ina nyimbo na mlo wake. Basi Wazungu hao waliofungua madarasa Peramiho hawakuleta bethdei. Walileta somo, na waliofundishwa nao wakalipokea.

Ukirudi nyuma zaidi, dai hilo linazidi kuporomoka. Sherehe ya kwanza ya kuzaliwa kutajwa katika Biblia ni ya Farao, kitabu cha Mwanzo 40:20, na Farao alikuwa mtawala wa Misri, nchi ya Afrika. Nyingine ni ya Herode. Origen, mwanazuoni wa Kanisa wa karne ya 3 aliyelelewa Aleksandria, huko huko Misri, aliikemea desturi hiyo kwa sababu wenye dhambi peke yao ndio walioonekana kuifuata katika Maandiko. Mashahidi wa Yehova wanaikataa mpaka leo kwa hoja inayofanana na hiyo. Wao wanasimama juu ya imani yao na wanastahili heshima. Hoja yao haina uhusiano wowote na rangi ya mtu wala bara alilotoka.

Na huo wimbo unaoimbwa kwa Kiingereza kila keki inapokatwa? Muziki wake ulichapishwa mwaka 1893 na dada wawili wa Kentucky, Marekani, Mildred na Patty Hill. Patty alikuwa mwalimu wa chekechea mjini Louisville, na maneno ya kwanza yaliyoimbwa kwa muziki huo yalikuwa salamu ya asubuhi ya darasani. Wakati huo watu wa mwambao, kuanzia Lamu mpaka Lindi, walikuwa wamezoea kusoma Maulidi ya Barzanji, utungo wa Madina wa karne ya 18 unaosimulia kuzaliwa kwa Mtume. Ubani unafukizwa, watu wanasimama kwa heshima kisomo kinapofika mahali pa kuzaliwa, chakula kinapakuliwa. Anayesema Waswahili hawakuwa na sherehe ya kuzaliwa amewasahau majirani zake mwenyewe.

Ushahidi mwingine umo katika majina. Jumanne, Khamisi, Mwajuma, Ramadhani, Rajabu, Idi, Masika: kila jina hapo ni kumbukumbu ya siku, mwezi au majira ambayo mtoto alizaliwa. Julius Nyerere aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, na husimuliwa kwamba mvua ilikuwa ikinyesha alipozaliwa Butiama mwaka 1922. Mzazi aliyempa mwanawe jina la namna hiyo hakuhitaji kalenda ya ukutani ili aithamini siku ile. Aliiweka mahali ambapo kila mtu angeitaja kila alipomwita mtoto.

Kilichokosekana ni tarehe ya kuandikwa, na hapo ndipo walimu walioishi ughaibuni walipobanwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili mjini Berlin kuanzia mwaka 1900 hadi 1905, na baadaye Hamburg. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho yeye alikuwa mwandishi wake mkuu na Carl Velten akakichapisha mwaka 1903, kinaanza na mimba na kuzaliwa kwa mtoto. Huyo ndiye mtu aliyewaeleza Wajerumani kwa kirefu jinsi Waswahili wanavyompokea mtoto mchanga, lakini kuhusu yeye mwenyewe vitabu vinasema tu alizaliwa karibu mwaka 1869. Alioa Mjerumani, akadharauliwa kwa ndoa hiyo, akaacha kazi Berlin. Alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya kikoloni ilimzuia mke huyo kushuka Dar es Salaam. Alifariki Ujerumani mwaka 1927. Mwaka wa kufa kwake unajulikana kwa uhakika kuliko wa kuzaliwa.

Jomo Kenyatta, aliyesaidia kufundisha matamshi ya Kikuyu katika Chuo Kikuu cha London katikati ya miaka ya 1930, naye hakuijua tarehe yake. Ukoo wake ulihesabu watu kwa rika, na kila rika lilipewa jina la tukio la mwaka wa jando. Utaratibu huo ulitosha kabisa kujua nani ni mkubwa wa nani. Afisa wa pasipoti ndiye ambaye haukumtosha. Kwa sababu hiyo hiyo Wasomali wengi waliopelekwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi wameandikiwa tarehe 1 Januari: karani alihitaji kitu cha kujaza, akajaza. Mtanzania anayekwenda kufundisha Kiswahili katika chuo cha Marekani kwa mpango wa Fulbright huulizwa tarehe yake ya kuzaliwa kwenye kila fomu, kuanzia viza mpaka benki. Kisha wanafunzi wake wanamuuliza kwa upendo: mwalimu, siku yako ni lini? Aliyelelewa kusema hatuna bethdei hana cha kuwajibu, ingawa mama yake huko kijijini anaikumbuka mvua ya siku ile.

Hapa imani hiyo kwamba hatuna bethdei inaacha kuwa maneno ya baraza. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba takribani asilimia 13 tu ya watu wa Tanzania Bara walikuwa na cheti cha kuzaliwa. Ada, umbali na foleni vilichangia, na mpango wa kuwasajili bure watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata, uliozinduliwa Mbeya mwaka 2013, umepunguza vikwazo hivyo. Lakini mzazi asiyeona sababu ya kuitunza tarehe hafiki kwenye dirisha la usajili hata likiwa karibu. Gharama inakuja baadaye. Kijana wa Mbinga anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili, na wapo wanaoanza kuitafuta tarehe yao wakati dirisha la maombi linakaribia kufungwa.

Watanzania wenyewe, kwa vitendo, wameshaikataa kauli hii. Katika shule za sekondari mwenye siku yake huviziwa na ndoo ya maji, pengine na unga juu yake. Keki ikikatwa, mwenye sherehe huwalisha wageni kipande kimoja kimoja kwa mkono wake, wazazi wakitangulia, na kwenye shughuli kubwa mbuzi mzima aliyebanikwa, yaani ndafu, huingizwa kwa vigelegele. Mjerumani au Mmarekani hajawahi kuona hayo kwao. Mwalimu mgeni wa Kitai anapoachwa ofisini na soda yake kwa sababu eti hayo ni mambo yao, ananyimwa jambo ambalo Tanzania imelitengeneza kwa mikono yake. Amwagiwe maji kama wenzake. Keki isipopatikana, ugali na dagaa wa Nyasa watoshe, awalishe wenzake tonge kwa mpangilio ule ule.

Shule nazo hazihitaji bajeti kwa ajili ya hili. Tarehe za wanafunzi tayari zimo kwenye rejista ya uandikishaji. Mwalimu mkuu anaweza kuzisoma kwenye paredi ya Jumatatu, za wanafunzi pamoja na za walimu, wa Umatengo na wa Ulaya. Mwanafunzi ambaye nafasi yake haina kitu mzazi wake aitwe wiki hiyo hiyo, aulizwe msimu, mvua, mavuno ya kahawa, nani alizaliwa kabla na nani baada, kisha wapelekwe Mbinga kwa msajili wa wilaya wakiwa na barua ya shule mkononi.