Kinga ya Mwili Inapopita Kiasi

Mara nyingi tunapokwenda kuhani msiba huambiwa kuwa marehemu alipatwa na homa, kisha akazidiwa ghafla. Nyuma ya maneno hayo huenda kukawa na ugonjwa ambao madaktari huuita sepsisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2017 uliwapata watu milioni 48.9, na milioni 11 wakafariki.

Wengi hudhani kuwa kinachoua ni vijidudu peke yake. Sivyo. Bakteria wanapoingia kupitia kidonda, mapafu, njia ya mkojo au kizazi cha mama aliyejifungua, chembe nyeupe za damu huwatambua na kuwameza. Papo hapo hutoa saitokini, protini ndogo zilizo mfano wa wapiga mbiu: huziita chembe nyingine, hupandisha joto la mwili na kupanua mishipa ya damu. Hiyo ni kinga. Lakini mbiu isipokoma, mishipa huvuja, msukumo wa damu hushuka, na figo, mapafu na ubongo hukosa oksijeni.

Mwili unazo pia saitokini za kutuliza, kama intalukini-10. Utulivu huo nao ukizidi, chembe za kinga ziitwazo limfosaiti hufa kwa wingi, na mgonjwa hubaki wazi kwa maambukizi mapya. Kunusurika kunahitaji mizani baina ya pande hizo mbili. Ndiyo maana dawa zilizojaribiwa za kuzima saitokini moja moja hazikutimiza matumaini yaliyowekwa kwazo, na tegemeo likabaki katika antibiotiki za mapema, maji ya mishipani, oksijeni na kuondoa usaha ulipo.

Basi sehemu yetu sisi jamaa ni kuwahi. Mwenye maambukizi akihema haraka, akichanganyikiwa au akikosa mkojo, au mtoto mchanga akikataa kunyonya, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Mzazi aliye ndani ya arobaini akipata homa, asingojeshwe mpaka siku zitimie.

Na aliyepona tusimharakishe kurudi kazini. Kinga yake yaweza kuchukua wiki, hata miezi, kurejea; homa yoyote mpya katika muda huo apelekwe tena kwa daktari.