Hesabu za Maneno

Juma hili twataka kusema habari ya hesabu zile za maneno, ambazo huwavunja moyo watoto wengi wa sekondari.

Mama mmoja, mchuuzi wa sokoni hapa Butembo, alitujia jioni pamoja na bintiye. "Mwalimu," alisema, "mtoto huyu asema kichwa chake si cha hesabu. Ataka kuacha shule." Tukalifungua daftari. Kujumlisha, kutoa, kugawanya: vyote sawa. Swali lilikuwa la Kifaransa, na maana yake ni hii: Lori laenda Beni na magunia 20. Magunia ya maharagwe ni mara tatu ya magunia ya viazi. Kila namna ni mangapi?

Binti aliandika m + v = 20. Vema kabisa. Kisha akaandika 3m = v, akapata maharagwe 5 na viazi 15. Na kwa kuwa jumla yake yafika 20 barabara, hakushikwa na shaka hata kidogo.

Kosa lilitoka wapi? Sentensi ya Kifaransa ilitanguliza "trois fois plus", yakafuata maharagwe, na viazi mwishoni. Naye aliyashusha maneno kwa mpango uleule, kama apakuaye mizigo. Tukamwomba aiseme habari ile kwa Kiswahili. Akasema: "Maharagwe ni mara tatu ya viazi." Tazama: m = 3v! Lugha ya nyumbani ilikuwa imekwisha kuupanga mlinganyo. (Hatukilaumu Kifaransa, twasema tu kwamba yampasa mtoto aelewe kwanza, ndipo aandike.) Tena, herufi m si maharagwe yenyewe, bali ni idadi ya magunia. Asahauye hilo husoma 3m kama "magunia matatu ya maharagwe", naye amekwisha kupotea.

Hata al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake cha karibu na mwaka 820 ndicho kilichoipa aljebra jina lake, aliandika yote kwa maneno matupu, bila herufi hizi.

Mama alikuwa akisikiliza kimya. Tukamwuliza: mkoba una noti 10, za faranga 500 na za faranga 1000, jumla faranga 7000, za kila namna ni ngapi? Hakushika kalamu. "Zingekuwa zote za 500, ningepata 5000. Zimezidi 2000. Kila noti ya 1000 yaongeza 500. Basi za 1000 ni nne, na za 500 ni sita." Binti akamkodolea macho.

Tukamwambia binti aandike habari ya mkoba ule, x iwe idadi ya noti za 500, y ya zile za 1000. Akaandika x + y = 10, na chini yake 500x + 1000y = 7000. Visivyojulikana viwili vyataka habari mbili, tena mbili kweli. Habari moja iliyorudiwa kwa maneno mengine haiongezi kitu. Akapata sita na nne, kama mama yake.

Ndipo akarudi kwenye lori la Beni. Akafuta 3m = v, akaandika m = 3v, akapata maharagwe 15 na viazi 5. Safari hii, bila kuambiwa, alilisoma swali upya tangu mwanzo, akipima kila sentensi kwa majibu yake. Mama akaliomba daftari, alitazame mwenyewe.